Kesho Nitarudi kwa Yuleyule

Siku mkuu wa wilaya alipokuja kijijini kwetu kusikiliza kero, nilikaa na mama yangu chini ya turubai, mstari wa nne kutoka mbele. Mama ana presha na sukari. Kila mwezi huenda zahanati, na kila akirudi huwa ana la kueleza: dawa moja kapewa na nyingine kaambiwa akanunue dukani, nesi kamjibu kwa mkato, kakaa nje tangu saa mbili hadi saa sita kivuli kikimkimbia. Nyumbani haya yote huyasema kwa ufasaha ambao mimi sina. Kwa hiyo mheshimiwa alipouliza, "Vipi zahanati, mnahudumiwa vizuri? Semeni, msiogope," niligeuka kumtazama nikijua atanyoosha mkono. Alikuwa anakunja pembe ya kanga yake na kuikunjua. Vijana wawili wakaeleza habari za barabara, mzee mmoja akaleta mgogoro wa mpaka wa shamba, mama mmoja akasimama kuishukuru serikali. Mkutano ukafungwa kwa ngoma.

Njiani nilimuuliza mbona amenyamaza. Hakusimama hata kunijibu. "Mwanangu, yule anaondoka na gari lake. Mimi kesho nitarudi kwa yuleyule."

Ndipo nilipokumbuka nani walikuwa wamekaa meza kuu. Mganga mfawidhi, yaani mkuu wa zahanati yetu, alikuwa kiti cha pili kutoka kwa mkuu wa wilaya, nesi kiti cha nne, wote wawili wanatutazama usoni.

Miaka imepita, na bado sijamsikia mtu aliyeieleza shida hii kwa usahihi kumzidi mama siku ile. Kiongozi anaposema "msiogope" hudhani anayeogopwa ni yeye, msafara wake na askari waliosimama nyuma ya kiti chake. Anayeogopwa ni mwenye kushika sindano, mwenye ufunguo wa kioski cha maji, mwalimu atakayebaki na mtoto wako darasani, karani wa ardhi ambaye faili lako liko kabatini mwake. Wala hawaogopwi kwa kuwa ni watu wabaya. Wanaogopwa kwa kuwa hapo kijijini hakuna mwingine. Ukikosana na mwenye duka la kona unavuka barabara, unanunua sukari kwa mwenzake. Ukikosana na nesi wa zahanati pekee ya kijiji, zahanati inayofuata ni safari ya bodaboda, na nauli hiyo ndiyo hela ya unga.

Ofisi nyingi za umma Tanzania zina Mkataba wa Huduma kwa Mteja, tangu maboresho ya utumishi wa umma ya mwanzoni mwa miaka ya 2000. Nikiukuta ukutani huusoma wote, kwa sababu kwa kawaida umeandikwa vizuri: barua itajibiwa ndani ya siku ngapi, mtu ana haki gani, akikosewa aende wapi. Neno linalonisumbua ni hilo la mteja. Mteja ana nguvu kwa sababu anaweza kuondoka na hela yake. Mama yangu hana pa kuondokea. Anayetaka kumsikia mtu wa namna hiyo lazima kwanza amhakikishie kwamba akisema, kesho hataumia, na hiyo ni kazi ya maandalizi ya siku nyingi kabla ya turubai kufungwa.

Nchi hii iliwahi kulielewa jambo hili. Mwaka 1966 ilianzishwa Tume ya Kudumu ya Uchunguzi, taasisi ya kwanza ya aina yake barani Afrika, na mwenyekiti wake wa kwanza akawa Chifu Erasto Mang'enya. Kazi yake ilikuwa kupokea malalamiko ya wananchi dhidi ya viongozi na watumishi waliotumia vibaya madaraka yao. Makamishna walisafiri mikoani, wakafanya mikutano ya hadhara kujieleza ni nani na wamekuja kwa lipi. Lakini shauri la mtu lilisikilizwa faragha. Hapo ndipo penye somo: hadharani waliongea makamishna, faraghani wakaongea wananchi. Siku hizi mara nyingi tumeligeuza. Mwananchi anaongea mbele ya kamera, kiongozi anakwenda kulijadili ofisini mlango umefungwa.

Sitaki kuipamba Tume ile kupita kiasi. Taarifa zake zilikwenda kwa Rais, na aliyelalamika hakuwa na njia ya kumlazimisha yeyote kufuata kilichopendekezwa. Ilikuwa enzi ya chama kimoja, na palikuwa na mambo ambayo hata faraghani hayakusemeka. Mwaka 2001 nafasi yake ilichukuliwa na Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, yenye mamlaka mapana zaidi. Hata hivyo enzi ileile ya chama kimoja ndiyo iliyotoa Mwongozo wa 1971 wa TANU, chama kilichotawala wakati huo, ambao kifungu chake cha 15 kilimkataza kiongozi kuwa na majivuno na kuwaonea watu. Wafanyakazi wa viwandani walikishika wakawa wanakitaja kwa namba yake walipogomea mameneja wao. Napenda kulifikiria hilo, mfanyakazi wa kawaida anayejua kwa namba kifungu kinachomlinda.

Kuna njia nyingine ya kusikiliza ambayo Watanzania wa rika langu tunaikumbuka vizuri. Tarehe 9 Novemba 2015, siku nne tu baada ya kuapishwa, Rais John Magufuli aliingia Hospitali ya Taifa Muhimbili bila taarifa. Alikuta wagonjwa wamelala chini, na mashine za MRI na CT-Scan hazifanyi kazi. Bodi ikavunjwa, uongozi ukabadilishwa. Wiki hiyohiyo haikuisha nchi nzima ilikuwa inazungumzia sakafu ya Muhimbili, na baadaye mwezi huo fedha zilizokusudiwa kwa hafla ya wabunge zikaelekezwa kununua vitanda. Nilifurahi kama kila mtu. Ndugu aliyelala sakafuni hakuwa na haja ya kuandika barua, mkubwa wa nchi alikuwa amemwona kwa macho yake.

Kilichofuata ndicho kinachonihuzunisha. Viongozi wengi wa chini waliiga mshtuko wakaacha shabaha yake. Ziara za kushtukiza zikawa nyingi, na watumishi wakajifunza kuzinusa. Kwetu, taarifa kwamba gari la serikali limeonekana njia panda ilitosha: sakafu inapigwa deki, wagonjwa wanapangwa vizuri kwenye mabenchi, sare zinabadilishwa. Tena ziara huona kile tu ambacho jicho linaweza kukiona. Itaona kitanda kilichovunjika na daktari asiyekuwepo. Haiwezi kuona neno alilojibiwa mzee Jumanne iliyopita, wala dawa iliyokosekana wiki tatu ikafika jana.

Pia kuna ile mikutano ya kero inayorushwa mubashara. Mtu anapewa kipaza sauti, anaeleza kwa machozi jinsi kiwanja chake kilivyochukuliwa, kiongozi anampigia simu mhusika palepale na kuiweka sauti juu, umati unashangilia. Nimelia mimi mwenyewe mbele ya simu nikitazama mikutano hiyo, kwa sababu yule bibi alizungushwa miaka na hatimaye kuna mtu kamsikiliza. Lakini nyuma yake kuna foleni ya watu mia wenye mabahasha ya kaki mikononi, na jua linazama. Ofisi iliyomzungusha yule bibi asubuhi itafunguliwa kwa utaratibu uleule uliomzungusha. Mtu amepata haki yake, na utaratibu umebaki haujui ulikosea wapi.

Halafu kuna jibu ambalo kila aliyewahi kuhudhuria mkutano wa hadhara hapa nchini analijua: "Tumelipokea, tutalifanyia kazi." Siamini kwamba wanaolisema wote ni waongo. Wengi wanaliandika kwenye daftari kweli, wanalipeleka kweli, na linapotelea kati ya idara mbili bila mtu mmoja kuwa na nia mbaya. Ubaya wa jibu hilo ni kwamba halina tarehe wala jina. Baada ya miezi minne huwezi kumwendea mtu ukamuuliza, kwa sababu "tu" ya "tutalifanyia" haina uso.

Mwaka uliofuata ule mkutano wa turubai nilichaguliwa kuingia kamati ya zahanati. Kwa wasiozijua, hizi ni kamati ambazo wawakilishi wa wananchi hukaa pamoja na mganga mfawidhi, wakapitia mipango ya kituo na kuidhinisha matumizi. Zina uzito kuliko watu wanavyodhani, hasa tangu mwaka wa fedha 2017/18, fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya zilipoanza kutumwa moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo badala ya kusubiriwa wilayani. Yaani kituo kikisikia jambo, kina uwezo fulani wa kulitenda.

Kikao changu cha kwanza tulifungua sanduku la maoni. Lilikuwa limetundikwa ukutani mkabala na meza ya mapokezi, hivi kwamba mtu akitumbukiza karatasi anayemhudumia anamwona. Ndani mlikuwa na karatasi mbili kwa mwaka mzima. Moja ilikuwa ya shukrani. Nyingine iliandikwa kwa penseli neno moja tu: dawa.

Mjumbe mmoja, Bi mkubwa ambaye ni mwenyekiti wa kikoba cha akina mama, aliishika ile karatasi ya penseli muda mrefu. Kisha akasema, "Wanawake wa hapa hawaandiki, wanasema. Na wanasema Jumamosi." Jumamosi ndiyo siku ya kikoba. Wakimaliza kuweka hisa na kugawana mikopo hubaki wamekaa, na hapo ndipo kila kitu cha kijiji hupita. Tukakubaliana kwamba yeye atasikiliza huko na mimi nitaandika katika kaunta buku: jambo na tarehe, bila jina la mtu. Wanaume tukawaendea kwenye kahawa, kwa utaratibu uleule. Miezi miwili ikatupa kurasa nne.

Ukurasa wa kwanza wote ulikuwa dawa, hasa za presha na sukari. Tulimwita mganga mfawidhi tukiwa tumeshamhukumu mioyoni. Akaja na leja na nakala za maombi yake. Aliagiza kutoka Bohari ya Dawa kwa wakati, kilichokuja kilikuwa pungufu. Utaratibu unaruhusu kituo kikikosa dawa Bohari kinunue kwa mshitiri, yule msambazaji binafsi aliyeteuliwa kwa ajili hiyo, na hela kwenye akaunti zilikuwepo. Kilichokosekana ni idhini ya kamati. Na kamati haikuwa imekaa kwa miezi mitano kwa sababu akidi haikutimia. Tulinyamaza wote. Dawa ya mama yangu ilikosekana kwa sababu wajumbe tuliochaguliwa na wananchi, baadhi yetu tukiwemo hapo mezani, hatukuja kikaoni. Nesi aliyekuwa akitukanwa dirishani kwa kukosa dawa hakuwa na mkono wowote katika jambo hilo.

Ukurasa wa pili ulisema nesi anachelewa kufungua. Ikaja kujulikana kwamba siku nyingi alizochelewa, usiku wake alikuwa na mzazi mpaka saa kumi alfajiri, peke yake, kisha akalala saa mbili tatu akarudi. Akina mama waliokaa nje wakimsema hawakujua, kwa sababu hakuna aliyewaambia. Dawa ya tatizo hilo ilikuwa karatasi. Usiku ukiwa na uzazi, mlinzi hubandika mlangoni: "Leo huduma zitaanza saa nne. Usiku kulikuwa na mzazi." Nimeona wanawake wakiisoma, wakasema "Mungu mkubwa, kajifungua salama?" wakaenda kuchota maji na kurudi saa nne.

Ukurasa wa tatu, wa lugha, ndio ulikuwa mgumu. Niliusoma wote mbele ya nesi, tarehe kwa tarehe, bila jina. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema ni kweli, baadhi ya maneno anayakumbuka. Kisha akatuonyesha vitabu vya MTUHA, vile vitabu vikubwa vya taarifa ambavyo kila mgonjwa lazima aandikwe, kliniki ya watoto kitabu chake, wajawazito chao, wagonjwa wa nje chao, na akatuuliza kama tumewahi kuhesabu mtu mmoja anaandika mistari mingapi kwa siku huku watu wamesimama mbele yake. Hatukuwa tumehesabu. Mwajiriwa wa pili hatukuwa na uwezo wa kumpata, lakini mhudumu wa afya ngazi ya jamii alikubali kuja siku mbili za kliniki kusaidia kupanga foleni na kupima uzito. Lugha ikabadilika kiasi. Kuna siku bado inateleza.

Majibu tuliyabandika kwenye mashine ya kusaga. Ubao wa matangazo wa ofisi ya kijiji upo, lakini nani anakwenda pale? Mashineni kila nyumba hufika, na mtu akisubiri zamu yake ana muda wa kusoma au kusomewa. Karatasi ilikuwa na safu tatu: kilichosemwa, kilichofanyika na tarehe yake, kisichowezekana na kwa nini. Nilidhani safu ya tatu itatuletea ugomvi. Kumbe ndiyo iliyosomwa zaidi. Tuliandika kwamba chumba cha kusubiria wajawazito hakitajengwa mwaka huu, tukataja kiasi kilichopo na kinachohitajika. Hakuna aliyekuja kugomba. Mzee mmoja alinishika mkono pale mashineni akasema ni mara ya kwanza anaambiwa "hapana" na ofisi ya serikali akaelezwa sababu.

Sisemi kwamba njia hii ni dawa ya kila mahali. Mwaka 2009 watafiti Martina Björkman na Jakob Svensson walichapisha matokeo ya jaribio lililofanyika Uganda katika zahanati 50 za wilaya 9: katika nusu yake wananchi na watumishi walikutanishwa, wakaonyeshwa hali ya huduma, wakakubaliana nini kibadilike na wakafuatilia wenyewe. Vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano vilipungua kwa takriban theluthi moja. Dunia ya maendeleo ilishangilia. Kisha jaribio jingine kubwa zaidi likafanyika hukohuko Uganda, vituo 376, na safari hii afya za watu hazikubadilika kwa namna ya kuonekana, ingawa namna ya kuhudumiwa iliboreka kidogo. Nikiyasoma haya nakumbuka leja ya mganga mfawidhi wetu. Kama akaunti ya kituo ingekuwa tupu, kurasa zangu nne zingemfaa nani? Tungewasikiliza akina mama vizuri sana na wangerudi nyumbani bila dawa vilevile. Kiongozi wa juu anayetaka vituo visikilize watu, basi avipe pia cha kujibia.

Jirani zetu Kenya nao wametufundisha jambo kupitia mahakama. Katiba yao ya 2010 inataka wananchi washirikishwe, na kaunti ya Kiambu ilipopitisha sheria yake ya fedha ya 2013 ikashtakiwa kwamba haikuwashirikisha ipasavyo. Aprili 2014 Jaji George Odunga aliibatilisha sheria nzima. Katika hukumu yake alisema tangazo la gazeti halitoshi, kwamba serikali ya kaunti ilipaswa kuwatafuta watu waliko: makanisani, misikitini, kwenye mabaraza, kwenye redio za lugha za nyumbani. Nilipoisoma nikamfikiria Bi mkubwa wetu wa kikoba, ambaye alilifikia jambo hilohilo akiwa ameshika karatasi ya penseli.

Sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982 inataka mkutano mkuu wa kijiji ufanyike kila baada ya miezi mitatu. Kwetu haukuwa unafanyika hivyo, nasi kama kamati tuliusukuma mpaka ukaitishwa. Tuliomba mambo mawili kwa mwenyekiti wa kijiji. La kwanza, watumishi wa zahanati na walimu wasikae meza kuu, wakae na wananchi, kwani nao ni wanakijiji. La pili, kabla ya kupokea hoja mpya zisomwe za mkutano uliopita moja baada ya moja.

Kutoka halmashauri alikuja ofisa maendeleo ya jamii, dada mmoja mwenye sauti ya chini, kwa pikipiki. Alisoma muhtasari wa nyuma mwenyewe. "Hoja ya barabara: imo kwenye bajeti, mkandarasi bado. Hoja ya mpaka wa shamba: iko baraza la ardhi la kata, tarehe ni hii. Hoja ya kisima: sikupata jibu, nimemuuliza mhandisi wa maji mara mbili, nitamuuliza tena Alhamisi." Alipofika hapo kwenye kisima niliona watu wakitazamana. Kisha akafunga daftari, akalifungua ukurasa mpya, akauliza nani ana la kusema.

Mama alikuwa pembeni yangu. Hakunyoosha mkono. Alimwinamia binti aliyekaa mbele yake, mke wa jirani yetu, akamnong'oneza muda kidogo huku ameshika bega lake. Binti akasimama. Akasema kuna mzee hapa anauliza, lile benchi la nje ya zahanati kwa nini lisihamishiwe upande wa mwembe, maana kule liliko jua linalipata kuanzia saa tatu na wenye presha hawaliwezi.

Yule dada hakuuliza ni mzee gani. Aliandika, akarudia kwa sauti alichokiandika, akamgeukia mganga mfawidhi aliyekuwa amekaa kwenye nyasi katikati ya watu akamuuliza kama benchi limejengewa chini au linabebeka.

"Linabebeka," akajibu.